Kusia mbegu wakati wa baridi: sanduku la miche linafanya kazi gani hasa?

Kila baridi inapoingia, swali lile lile huzuka miongoni mwa wakulima wa bustani: je, tusie mbegu sasa, au tungoje joto lirudi? Mkulima wa Njombe au Makete, kusini mwa Tanzania, huuliza hivyo mwezi Juni, yule wa Kinangop nchini Kenya huuliza mwezi Januari, na ndugu zetu wanaolima vipande vya bustani nyuma ya nyumba zao huko Minnesota, Toronto au Leicester huuliza mwezi Machi. Jibu ambalo wengi hupewa ni kutengeneza sanduku lenye kifuniko cha kioo au nailoni, na picha za masanduku ya namna hiyo, yakiwa yamejaa miche ya kijani ilhali nje kumeganda, husambaa kwenye simu bila maelezo yoyote. Mtu huliona, hulitengeneza, hulifunga barabara ili baridi isiingie, kisha baada ya siku chache hukuta miche imebabuka au imelala chini yote. Hapo huhitimisha kwamba kifaa hicho ni cha nchi za Ulaya na huku kwetu hakifai. Hitimisho hilo si sahihi, na linawanyima watu wa nyanda za juu kifaa ambacho kwa hakika kingewafaa wao kuliko hata wale waliokibuni.

Kwanza tuelewane kuhusu vitu vyenyewe. Kitalu ni tuta au eneo lolote dogo ambamo mbegu husiwa na miche hutunzwa kabla ya kupandikizwa shambani. Kitalu nyumba, ambacho wengi nchini Kenya hukiita kivungulio, ni banda lililofunikwa kwa nailoni au kioo, ambalo mtu huingia na kufanya kazi ndani yake. Sanduku la miche, ninalolizungumzia hapa, ni fremu ya mbao au matofali isiyo na kitako, iliyokaa juu ya udongo, yenye kifuniko kinachopitisha mwanga na kinachoweza kufunguliwa. Ukuta wa nyuma huwa na kimo cha takriban sentimita 45 na wa mbele takriban 30, ili kifuniko kilale kwa mteremko, maji ya mvua yatiririke na jua lipenye vizuri. Upana wake haupaswi kuzidi kile ambacho mkono unafikia, yaani sentimita 60 hadi 90, kwa kuwa kila kitu humo hufanywa mtu akiwa nje. Dirisha kuukuu lenye vioo vizima hutosha kuwa kifuniko. Sanduku lenyewe halina jiko, halina umeme, halina chombo chochote cha kupasha joto, na hilo ndilo jambo la kwanza kulikumbuka.

Wazo lenyewe ni la kale. Mwandishi wa Kirumi Plinius Mkubwa alieleza kwamba Kaisari Tiberio, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37, alipenda mno tunda la jamii ya tango, na watunza bustani wake walilipanda kwenye vitanda vyenye magurudumu ili vivutwe juani, kisha wakavifunika kwa mabamba ya jiwe linalopitisha mwanga siku za baridi. Katika karne ya 19, wakulima wa mboga waliouzunguka mji wa Paris waliufanya utaratibu huo kuwa kazi kubwa ya kibiashara, wakitumia maelfu ya fremu za vioo pamoja na samadi ya farasi iliyotoka kwenye mazizi ya mji huo. Hawa tutawarudia, kwa sababu wengi wanaoiga masanduku yao wameisahau samadi.

Joto linatoka wapi?

Fikiria gari lililoegeshwa juani stendi ya basi, madirisha yote yamefungwa. Nje hewa inaweza kuwa ya kawaida tu, lakini anayefungua mlango mchana hupokewa na hewa ya moto kiasi cha kumfanya arudi nyuma. Gari hilo hilo likilala pale pale usiku kucha, alfajiri viti vyake ni baridi na vioo vimelowa kwa ndani. Hakuna aliyewasha kitu mchana na hakuna aliyezima kitu usiku. Jua lilipita kwenye vioo, likavipasha viti, viti vikaipasha hewa, na hewa ile ikakosa pa kutokea. Jua lilipozama, joto liliendelea kutoka kidogo kidogo hadi likaisha. Sanduku la miche hufanya hivyo hivyo: udongo unachukua nafasi ya viti, na kifuniko kinachukua nafasi ya dirisha.

Watu wengi hufundishwa kwamba kioo hukusanya joto kwa sababu hupitisha mwanga wa jua na kuzuia ile mionzi ya joto inayorudishwa na udongo. Ni kweli kwamba kioo huizuia mionzi hiyo, ila sehemu kubwa ya joto la mchana ina sababu iliyo rahisi zaidi, nayo ni kwamba hewa iliyopashwa haiwezi kupanda juu na kuondoka, wala upepo hauwezi kuipeperusha. Mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani Robert Wood alithibitisha jambo hili kwa masanduku mawili madogo. Moja alilifunika kwa kioo, la pili kwa bamba la chumvi ya mawe, ambalo huiachia mionzi ya joto ipite. Yote mawili yalifikia takriban nyuzi 55 za sentigredi, na tofauti kati yake ilikuwa ndogo sana. Kwa mkulima, maana yake ni kwamba, kwa ajili ya joto la mchana, ziba nyufa kabla hujatafuta kioo cha bei ghali. Kifuniko cha nailoni kisichopitisha upepo kitafanya kazi nzuri kuliko kioo kizuri kilichokaa juu ya mbao zilizopinda.

Usiku mambo hubadilika, na hapa ndipo nailoni na kioo hutofautiana. Nailoni ya kawaida huachia sehemu kubwa ya mionzi ya joto ipite, hivyo udongo uliofunikwa kwa nailoni pekee hupoteza joto lake kuelekea angani karibu kana kwamba haukufunikwa. Kioo hupunguza hasara hiyo, lakini hakiiondoi. Kwa vyovyote vile, sanduku lenye kifuniko cha tabaka moja huwa na joto linalozidi la nje kwa nyuzi chache tu kabla ya alfajiri. Anayetarajia kwamba miche ya nyanya italala salama chini ya nailoni tupu, nje kukiwa na nyuzi 3 chini ya sifuri, amelitwika sanduku mzigo lisiouweza.

Kinachoziba pengo hilo ni kitu kisichopitisha mwanga, kinachotandazwa juu ya kifuniko jioni na kuondolewa asubuhi: mkeka, magunia, blanketi kuukuu, au nyasi kavu zilizofungwa kama jamvi. Wakulima wa Paris walitumia mikeka ya majani makavu ya nafaka. Kaskazini mwa China hadi leo kuna vitalu nyumba visivyo na jiko ambavyo hufunikwa kwa mikeka mizito kila jioni na kufunuliwa jua linapochomoza. Mimi humwambia kila anayeniuliza kwamba akiwa na fedha za kununulia kitu kimoja tu zaidi ya mbao na kifuniko, basi kiwe kipimajoto, maana bila hicho anakisia tu. Mkeka huenda anao tayari nyumbani.

Maji pia husaidia. Kilo moja ya maji hubeba joto takriban mara nne au tano ya lile linalobebwa na kilo moja ya udongo mkavu kwa kila nyuzi moja inayoongezeka. Madumu ya lita tano yaliyojazwa maji na kupakwa rangi nyeusi, yakipangwa kando ya ukuta wa nyuma, hunyonya joto mchana na kulitoa polepole usiku. Kwa sababu hiyo hiyo, udongo wenye unyevu wa kiasi hukabili usiku wa baridi vizuri kuliko udongo mkavu, mradi maji yawe yametiwa asubuhi na yamepata jua mchana kutwa.

Jalidi haianguki kutoka juu

Jalidi, au sakitu, ni ule ugandaji mweupe unaoonekana alfajiri kwenye nyasi na majani. Watu husema imeanguka, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba inashuka kama mvua. Ukweli ni kwamba inatokea pale pale kwenye jani. Usiku usio na mawingu wala upepo, jani na udongo hutoa joto lao kuelekea angani bila kitu cha kulirudisha, hivyo hupoa kuliko hata hewa iliyo juu yake. Mvuke ulio hewani unapoligusa jani lililopoa chini ya sifuri, huganda. Vituo vya hali ya hewa hupima joto la hewa kwenye kimo cha mita moja na robo hadi mbili kutoka ardhini, kwa hiyo taarifa inaweza kusema nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri, na bado viazi vya mtu vikaungua kwa jalidi usiku huo huo. Hakuna aliyedanganya. Jani na kipimajoto cha kituo vilikuwa mahali tofauti.

Hewa baridi ni nzito, nayo huteremka mabondeni kufuata mteremko na kutuama chini. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakulima wa vinyungu, yale mashamba ya mabondeni ambayo watu wa Iringa na Njombe huyalima wakati wa kiangazi kwa kutumia unyevu uliobaki ardhini. Kinyungu kina maji, na mtu hupenda kuwa na kitalu karibu na maji, kwa hiyo miche michanga huwekwa mahali ambapo baridi hutuama kuliko kwingine kote. Ni heri kubeba maji kupanda mteremko mita 20 au 30 na kuweka sanduku hapo, juu ya lile ziwa la hewa baridi, kisha miche ishuke bondeni ikiwa imekomaa na usiku umeanza kupata joto. Vivyo hivyo, ua mnene au ukuta ulio upande wa chini wa sanduku huizuia hewa baridi isiendelee kushuka, nayo hukusanyika pale pale kwenye miche.

Kuna tofauti nyingine ambayo wanaoshauriana mara nyingi huiruka, nayo ni kwamba baridi zetu ni za aina mbili. Baridi ya Makete na Njombe kati ya Juni na Agosti, sawa na ile ya Kinangop na sehemu nyingine za Nyandarua mwezi Januari na Februari, kwa kawaida ni baridi ya anga safi: usiku mkali, asubuhi yenye jalidi, kisha jua kali mchana. Baridi ya Limuru mwezi Julai ni ya mawingu na manyunyu: usiku hauwi mkali sana, lakini jua halionekani kwa siku nyingi mfululizo. Sanduku la miche limeumbwa kwa ajili ya baridi ya kwanza, kwa kuwa linapata jua la kuhifadhi. Katika baridi ya pili linazuia upepo na manyunyu, na hilo lina faida yake, lakini halipati cha kuhifadhi, na kwa kuwa hewa ya ndani imejaa unyevu, magonjwa ya ukungu huongezeka. Mkulima wa Limuru aliyesikia jirani wa Kinangop akilisifu sanduku lake, kisha akalijaribu mwezi Julai bila mafanikio, hakukosea katika ujenzi. Alilitumia katika msimu usiolifaa.

Faida ambayo nchi za kaskazini hazina

Mkulima wa Uingereza mwezi Desemba anakosa vitu viwili kwa pamoja, joto na mwanga. Mjini London siku iliyo fupi kuliko zote ina mwanga wa jua kwa muda usiofika saa nane. Eliot Coleman, mkulima wa jimbo la Maine nchini Marekani anayejulikana kwa kulima mboga majira yote ya mwaka, ameonyesha kwamba mchana unapopungua chini ya saa kumi, mboga nyingi karibu huacha kukua hata zikifunikwa. Zinabaki hai, zinavunwa, lakini haziongezeki. Ndiyo maana wenzetu wa huko hungojea Februari au Machi kabla ya kusia, na wale wanaoharakisha hulazimika kutumia taa.

Njombe, siku iliyo fupi kuliko zote, mwezi Juni, ina mwanga kwa zaidi ya saa kumi na moja na nusu. Kinangop, iliyo karibu kabisa na ikweta, tofauti ya Januari na Julai ni ya dakika chache. Isitoshe, kwenye kimo cha mita 2,000 au 2,500 hewa ni nyembamba na jua ni kali. Kwa ufupi, mkulima wetu wa nyanda za juu ana mwanga tele mwaka mzima, na upungufu wake ni joto la usiku pekee. Sanduku linampa kile hasa anachokikosa, na hiyo ndiyo sababu ninasema linamfaa kuliko waliolibuni. Upande wa pili wa faida hiyo ni kwamba hatari ya kuunguza miche mchana ni kubwa zaidi kwetu kuliko kwao.

Mwelekeo wa kifuniko nao haunakiliwi kutoka nje. Maelekezo ya Ulaya na Marekani husema mteremko uelekee kusini, kwa sababu huko jua la baridi liko kusini siku zote. Njombe mwezi Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, hivyo mteremko uelekee kaskazini. Kinangop mwezi Januari jua liko kusini, kwa hiyo hapo maelekezo ya Ulaya yanaangukia mahali pake kwa bahati tu. Hata hivyo, karibu na ikweta jua hupanda juu sana kiasi kwamba suala hili halina uzito kama lilio nalo Ulaya. Ninaona ni muhimu zaidi sanduku lipate jua la asubuhi mapema, kwa maana miche inatoka kwenye usiku mrefu na mawingu ya milimani mara nyingi hujikusanya alasiri.

Mbegu inahitaji nini?

Wapo wanaoamini kwamba baridi huua mbegu. Mbegu kavu haiuawi na baridi ya nyanda zetu. Kwa kweli mbegu huhifadhiwa vizuri zaidi mahali pa baridi na pakavu. Kinachoiharibu ni kukaa muda mrefu katika udongo uliolowa na kupoa, ikiwa imeshavimba kwa maji lakini haina joto la kuchipua, huku wadudu na vimelea vya udongoni vikiishambulia.

Muda huo hutegemea joto la udongo, wala si la hewa, na tofauti yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika udongo wa nyuzi 10, mbegu ya nyanya huchukua takriban siku 43 kuchipua. Udongo ukifika nyuzi 15, siku hizo hushuka hadi takriban 14, na kwenye nyuzi 20 huwa 8. Kabichi huchukua takriban siku 15 kwenye nyuzi 10, siku 9 kwenye nyuzi 15, na siku 6 kwenye nyuzi 20. Kitunguu hutoka baada ya takriban siku 13 kwenye nyuzi 10, na saladi wiki moja tu. Pilipili hoho hukataa kabisa kwenye nyuzi 10, na hata kwenye nyuzi 15 hukaa zaidi ya wiki tatu.

Thamani yote ya sanduku imo ndani ya takwimu hizo. Likipandisha wastani wa joto la udongo kutoka nyuzi 10 hadi 15, kitu ambacho si kigumu chini ya jua la nyanda za juu, mkulima wa nyanya anaokoa takriban mwezi mzima, wakati mkulima wa saladi anaokoa siku chache tu. Kwa hiyo anayeuliza kama sanduku lina faida aulizwe kwanza anataka kusia nini.

Kwa walio ughaibuni, jambo hili linahusu mboga za nyumbani. Sukuma wiki ni ya jamii ya kabichi na huvumilia baridi, hivyo inaweza kusiwa ndani ya sanduku mapema, hata kama theluji ingali pembeni. Mchicha ni mmea wa joto. Ukisiwa siku ile ile pamoja na sukuma wiki, utaoza au utatoka mmoja mmoja na kudumaa. Usubiri udongo ufike nyuzi 15 au zaidi. Mahali kama Minneapolis, ambapo jalidi inaweza kurudi hata mwezi Mei, miche ya mchicha na nyanya iliyotoka sandukuni bado inahitaji kufunikwa usiku fulani.

Kufungua ni sehemu ya kazi

Kosa linaloua miche mingi zaidi ni kulifunga sanduku na kuondoka. Asubuhi yenye jalidi nyanda za juu hufuatwa na jua ambalo, ndani ya sanduku lililofungwa, linaweza kupandisha joto kupita nyuzi 40 kabla ya saa sita. Miche michanga haivumilii hali hiyo kwa muda mrefu, na mbegu za saladi zikipata joto la zaidi ya nyuzi 30 hukataa kuchipua. Mtu aliyefunga kwa kuogopa baridi ya alfajiri huipoteza miche yake kwa joto la mchana, kisha huilaumu baridi.

Utaratibu unaofaa ni huu: mkeka uondolewe mara jua linapolifikia sanduku, kipimajoto cha ndani kikikaribia nyuzi 20, kifuniko kiinuliwe kwa kijiti au jiwe kiasi cha sentimita 10 au 15, upande usiokabili upepo; joto likizidi kupanda, kiondolewe kabisa. Alasiri, jua likiwa bado lina nguvu, pengine saa tisa au saa kumi, kifuniko kirudishwe ili joto la saa za mwisho libaki ndani, na mkeka utandazwe kabla giza halijaingia. Anayengoja hadi jua lizame ndipo afunge anafungia hewa iliyokwisha kupoa. Asiyeweza kuwepo nyumbani mchana afadhali aache kifuniko kimeinuliwa kidogo tangu asubuhi, maana miche iliyochelewa kidogo kukua bado ni miche.

Hewa hiyo inayoingia hufanya kazi nyingine, nayo ni kukausha. Kinyausi, ule ugonjwa unaosababisha shina la mche kunywea pale linapogusana na udongo hadi mche unalala chini kama uliokatwa, hupenda mahali penye unyevu mwingi, msongamano na hewa iliyotuama. Wengi wakiona miche imelala hudhani ina kiu, wakaongeza maji, na ugonjwa ukaenea zaidi. Ndani ya sanduku maji hupotea polepole sana, kwa hiyo udongo uguswe kwa kidole kwanza, na ukiwa bado una unyevu chini ya tabaka la juu, usimwagiliwe siku hiyo. Maji yatiwe asubuhi, yaelekezwe kwenye udongo, ili majani yaingie usiku yakiwa makavu. Mbegu zipandwe kwa mistari yenye nafasi, na miche iliyobanana ipunguzwe mapema hata kama inauma kuitupa mbegu iliyonunuliwa kwa bei kubwa.

Sasa turudi kwenye samadi. Wakulima wa Paris walipotaka joto la kweli, hawakulitegemea jua peke yake. Walichimba, wakashindilia samadi mbichi ya farasi iliyochanganyika na majani makavu, wakaweka udongo juu yake, na joto la kuoza kwa samadi likaupasha udongo kwa wiki kadhaa. Sanduku la namna hiyo linatengeneza joto, na ndilo linalowezesha kusia nyanya au pilipili hoho katikati ya baridi kali. Tabaka la samadi liwe nene, sentimita 45 hadi 60, na udongo wa juu sentimita 10 hadi 15. Samadi ya farasi huchemka zaidi; ya ng'ombe huchemka kwa kiasi kidogo, hivyo ichanganywe na nyasi kavu na inyunyiziwe maji kidogo. Siku za mwanzo joto huwa kali mno na hewa ya ndani hunuka vikali, kwa hiyo kifuniko kiachwe wazi na mbegu zisisiwe mpaka kipimajoto kilichochomekwa udongoni kishuke hadi nyuzi 25 hivi. Samadi mbichi isigusane na mbegu wala mizizi ya miche.

Mapema kiasi gani?

Kusia mapema kuna faida iwapo tarehe ya kupandikiza inajulikana, na hesabu hufanywa kurudi nyuma kutoka tarehe hiyo. Mkulima wa kinyungu huko Njombe anayesia nyanya sandukuni mwishoni mwa Juni anaweza kupandikiza katikati ya Agosti, makali ya baridi yanapopungua, na kuanza kuvuna kabla mvua za Novemba au Desemba hazijaleta bakajani chelewa, ugonjwa unaoangamiza nyanya za masika. Kwa mkulima wa Kinangop, kabichi iliyosiwa mwanzoni mwa Februari chini ya kifuniko iko tayari mvua ndefu zinapoanza mwezi Machi au Aprili. Hizo ndizo sababu zenye maana za kuamka alfajiri kufunua mkeka.

Kusia mapema kupita hesabu hiyo kuna adhabu. Mche wa nyanya unaokaa muda mrefu katika nafasi finyu hurefuka, hupauka na hutoa maua ukiwa bado mchanga, na ukishapandikizwa huchukua wiki kadhaa kujirudi. Kabichi na kitunguu vina tatizo lao la pekee: mche mdogo sana huvumilia baridi bila madhara, lakini ule uliokwisha nenepa kufikia unene wa penseli, ukipata wiki kadhaa za joto lililo chini ya nyuzi 10, huchukulia kwamba umekwisha kupita msimu mzima wa baridi na huanza kutoa maua badala ya kufunga kichwa au kujaza kitunguu. Wakulima wengi hulaumu mbegu feki hali hiyo inapotokea. Mbegu feki zipo na zinaumiza watu, lakini kabla ya kumlaumu muuza pembejeo inafaa kujiuliza miche ilikuwa na unene gani baridi ilipoikuta.

Kabla ya kupandikiza, miche ikomazwe. Kwa siku saba hadi kumi kifuniko kiinuliwe zaidi kila siku, kisha kiondolewe mchana kutwa, na hatimaye kiachwe wazi hata usiku isipokuwa dalili za jalidi zikionekana: anga safi, nyota nyingi, upepo umetulia na hewa imeanza kuuma tangu jioni. Maji yapunguzwe katika siku hizo bila kuiacha miche inyauke. Majani yatakuwa na kijani kizito zaidi na shina litakuwa gumu kidogo ukilibinya kwa vidole. Mche uliofikia hali hiyo upandikizwe jioni au siku ya mawingu, udongo wa sandukuni ukiwa umeloweshwa saa chache kabla ili mizizi ing'oke na bonge lake.